Mchunga na Wachungwao: Jawabu ya Suala Juu ya Watumishi wa Zahanati za Shinyanga na Geita

Ndugu yetu mmoja, mtu wa Tanga ambaye biashara yake imempeleka Kahama, ametuandikia barua akiuliza suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, na kwa batini yake ni kubwa. Asema: "Huku bara nimesikia ya kuwa watumishi wa zahanati walipata kulipwa fedha juu ya mshahara wao, kwa kadiri ya hesabu ya wanawake waliojifungua mikononi mwao. Je, jambo hili ni halali, au ni kuuza amana? Na mtu atendaye wema kwa kungojea fedha, ana ujira gani mbele ya Mola wake? Na wakubwa walioweka taratibu hiyo, wametengeneza au wameharibu? Nauliza kwani mke wangu yu mja mzito, na huku sina wa kumwachia ila watu hao."

Kwa ajili ya maneno yake ya mwisho tumeona haifai kumjibu kwa mistari miwili. Na katika sisi watu wa pwani wako wengi ambao jamaa zao wamehamia huko, basi jawabu hii si yake peke yake.

Kwanza yafaa msomaji aijue nchi yenyewe. Shinyanga na Geita ni nchi ya Wasukuma na jirani zao, upande wa kusini wa ziwa kubwa la Victoria. Shinyanga ina almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na Williamson, mtu wa Kanada, mwaka 1940. Geita ina dhahabu iliyojulikana tangu zama za Wadachi, mwaka 1898. Ikachimbwa katika zama za Waingereza, machimbo yakafungwa mwaka 1966, kisha mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2000. Mkoa wa Geita wenyewe ulikatwa mwaka 2012, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta humo karibu watu milioni 3, na Shinyanga zaidi ya milioni 2. Mbali na mgodi mkubwa, wako wachimbaji wadogo wengi, wenye kuponda mawe na kuikamata dhahabu kwa zebaki, nao huhama kila isikiwapo khabari ya mwamba mpya. Mahali kama hapo mwanamke huingia na mimba ya miezi saba, hana mama wala shangazi karibu, hajui zahanati iko upande gani, na pengine kadi yake ameiacha alikotoka. Na mkunga wa serikali amekaa katikati ya soko la dhahabu kwa mshahara wake wa mwezi, ilhali kijana wa jirani aliyetoka shimoni juzi amejenga nyumba ya bati. Asiyetia hali hii akilini hawezi kuhukumu kwa haki.

Ama taratibu aliyoisikia ndugu yetu ni ya kweli, na asili yake si mbali nasi, kwani ilitangulia hapa hapa pwani. Mwaka 2011 mkoa wa Pwani, yaani Bagamoyo, Kisarawe, Rufiji, Mafia na wenzao, ulifanywa mahali pa kujaribia, kwa msaada wa fedha za serikali ya Norway. Zahanati iliyofikia kiasi ilichowekewa ililipwa, na sehemu kubwa ya malipo hayo, robo tatu, iligawiwa watumishi wenyewe. Wachunguzi walipopima walikuta ya kuwa wanawake waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa kiasi cha 8 katika kila 100, kwa kulinganisha na wilaya zisizokuwamo, na waja wazito waliopata dawa ya kuzuia malaria waliongezeka kwa kiasi cha 10 katika 100. Katika kazi nyingine nyingi zilizolipiwa hawakuona tofauti ya kutegemewa. Kisha mwaka 2015 taratibu yenye sura nyingine ikaanzishwa wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga, ikaenezwa mkoa mzima na mikoa mingine, Geita ikiwamo. Huku mgawo uligeuzwa: robo tatu kwa matengenezo ya kituo, na robo moja kwa watumishi. Geuzo hilo lina maana, nasi tutalirudia.

Sasa tuje kwenye hukumu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamefarikisha baina ya ijara, ambayo ni kumwajiri mtu kwa ujira maalumu, na juala, ambayo ni kuahidi zawadi kwa atakayeleta matokeo yaliyotakiwa, kama mwenye kupotelewa na ngamia asemaye: atakayemrudisha nitampa kadha. Na dalili yao wameiona katika kisa cha Nabii Yusuf, pale alipoahidiwa shehena ya ngamia mtu atakayekileta kikombe cha mfalme. Basi kulipa kwa matokeo si uzushi wa Wazungu. Ni mlango unaojulikana katika fikihi, na asli yake ni halali. Lakini wanavyuoni hao hao wameweka sharti: mtu hastahiki zawadi kwa jambo ambalo tayari lilikuwa wajibu juu ya shingo yake. Mali yako iliyopotea ikiwa mkononi mwangu, kisha ukaahidi zawadi kwa atakayeirudisha, nikairudisha mimi, sistahiki kitu, kwani kuirudisha kulikuwa juu yangu hata bila ya zawadi.

Hapo ndipo penye fundo la suala. Mkunga amekwisha kupokea mshahara kwa kuzalisha. Akilipwa tena kwa kuzalisha, alipwa kwa nini? Sisi twaona, na wenye elimu zaidi wana haki ya kuturudi, ya kuwa fedha hiyo haisimami kuwa thamani ya wajibu uliokwisha lipiwa, bali ni nyongeza aliyoitoa mwenye kazi kwa ridhaa yake juu ya taabu iliyozidi: kukesha, kuwafuata waja wazito vijijini, kuandika daftari sawasawa. Nyongeza ya namna hiyo ni halali kwa mwenye kutoa na mwenye kupokea. Kilicho haramu, bila ya shaka yoyote, ni mkunga kuutendea kazi mlango aliolipiwa na kumwacha afaye kwenye mlango usiolipiwa, kwani mshahara wake umeifunga milango yote.

Ama ujira wake mbele ya Mungu, mfano wake tunao katika vyuo vyetu. Wazee wa kwanza wa madhehebu ya Hanafi walikataza kumlipa mwalimu wa Kurani. Waliokuja baadaye wakajuzisha, kwa kuchelea Kurani isipotee kwa kukosa wa kuisomesha, na sisi Mashafii twajuzisha tangu hapo. Je, mwalimu apokeaye ada ya mwanao hana thawabu? Hakuna asemaye hivyo. Nia yake yajulikana siku ile ada isipokuja. Na kadhalika mkunga: yule ambaye mlango wake hugongwa saa nane za usiku, na malipo ya miezi mitatu iliyopita hajayaona, naye akaondoka akaenda, huyo hatuna haja ya kumuuliza nia yake. Tena yafaa isemwe ya kuwa malipo hayo yalichelewa mara nyingi, pwani na bara. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha mwajiriwa apewe chake kabla jasho lake halijakauka. Mkubwa aahidiye zawadi kisha akaichelewesha amewafundisha watu wake kuwa neno lake halina uzito, na baada ya hapo hata akisema kweli hawamsikii.

Tukitoka kwa mtumishi tukaja kwa mkubwa wake, mambo huzidi uzito. Hesabu ni kitu chenye nguvu ya ajabu. Mtu ukimwambia nitakulipa kwa idadi, macho yake hugeuka, huanza kuiona idadi na kuacha kumwona mwenye kuhesabiwa. Katika wilaya moja ya Tanzania bara, wachunguzi walioandika mwaka 2014 walikuta ya kuwa pale palipoingia malipo kwa hesabu ya wazazi, wanawake waliojifungulia nyumbani walitozwa faini, au walinyimwa kadi ya kliniki ya mtoto. Tazama, ndugu, jinsi jambo lilivyopinduka. Kusudi lilikuwa kumwokoa mama. Mama akawa ndiye mwenye kuadhibiwa kwa kuwa hakuingia katika hesabu. Na huenda yule mama alizalia nyumbani kwa kuwa uchungu ulimshika usiku, na mto umejaa. Wala hatudhani ya kuwa wakunga wale walikuwa watu wabaya. Waliwekewa kipimo kimoja, wakakitumikia.

Kwa sababu hii twaona waliogeuza mgawo Kishapu, wakaipa nyumba robo tatu na mtu robo moja, walikuwa karibu zaidi na haki. Fedha iliyonunua taa, maji na dawa yamfaa mama yeyote aingiaye, aliyemo katika hesabu na asiyekuwamo, na haimtii mkunga katika jaribu la kumgeuza mja mzito kuwa shilingi. Tena wenzake wa maabara na wa dawa hawanung'uniki kuwa wa uzazi wamekula peke yao, jambo lililotokea katika majaribio ya pwani.

Wako wasemao: yaacheni malipo, watu hawa dawa yao ni khofu. Nao huleta mfano wa mwaka 2017, pale Rais Magufuli, naye ni mtu wa Chato katika mkoa huo huo wa Geita, alipopokea majina ya watumishi 9,932 wa serikali walioonekana kuwa na vyeti vya uwongo, wakaondolewa kazini, na miongoni mwao walikuwamo wa zahanati na hospitali. Sisi hatusemi kuwa kuondolewa kwao ni dhulma. Mtume ametufundisha ya kuwa atibuye hali hakujulikana kuwa na elimu ya tiba ni mwenye kudhamini madhara aliyoyaleta. Na jambo hili lina mfano wa zamani: mwaka 319 wa Hijra, yaani 931, mtu alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu, na Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu yeyote mjini illa aliyejaribiwa na Sinan bin Thabit. Wakajaribiwa zaidi ya watu 860.

Lakini watu husimulia nusu ya kisa hicho, nusu ya pili wakaiacha. Katika hao alikuja mzee mmoja mwenye heshima, akakiri kwa Sinan ya kuwa hajui kusoma wala kuandika, na watoto wake wala kwa kazi ile. Sinan hakumfukuza, wala hakumpa ruhusa kamili. Alimpa sharti: asimpe mgonjwa jambo asilolijua, wala asimtoe damu wala kumpa dawa ya kuharisha, ila katika maradhi mepesi. Alitazama mtu ajua nini, akamwekea mpaka wake hapo. Huo ndio uongozi. Ama kuondoa peke yake, hata ikiwa kwa haki, huacha kiti kitupu, na kiti kitupu katika zahanati ya watumishi wawili ni nusu ya zahanati.

Tena khofu ina aibu nyingine: huficha makosa. Mkunga ajuaye kuwa kila mtoto afaye atamletea barua ya kujieleza, atajifunza kuandika kuwa mtoto alikuja hali amekwisha kufa tumboni. Kwa kalamu hiyo moja amejiokoa, na sababu ya mauti imezikwa pamoja na mtoto. Kesho atakuja mwingine kwa sababu ile ile.

Basi ikiwa zawadi ina hila zake na khofu ina hila zake, kitu gani chafaa? Hapa twataka msomaji atulie nasi kidogo, kwani jawabu haikutoka katika vitabu vya mbali. Imetoka huko huko aliko ndugu yetu.

Baina ya mwaka 2021 na mwisho wa 2023, hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano, nayo ni Manyara, Tabora, Mwanza, Shinyanga na Geita, viliingia katika kazi iliyoongozwa na hospitali ya Haydom ya Manyara, pamoja na wenziwe wa Tanzania na wa Norway. Wanawake waliojifungua humo walikaribia 300,000. Kazi yenyewe ukiitazama ni nyepesi hata mtu aweza kuidharau. Waliletwa sanamu za mtoto mchanga na za mama mzazi, za kujifunzia. Badala ya kumpeleka mkunga semina ya wiki nzima mjini mara moja kwa mwaka, akarudi na begi na posho, walifanya mazoezi pale pale kazini, dakika chache chache, mara kwa mara, pamoja na wenziwe ambao kesho watasimama naye kwenye kitanda kile kile. Mtoto hapumui: nani ashika mfuko wa kumpulizia hewa, nani amkausha, nani ahesabu? Mama avuja damu: dawa iko wapi, nani akimbilia damu? Katika kila kituo walichaguliwa watumishi wa hapo hapo kuwa viongozi wa mazoezi. Vikaletwa vyombo vya kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, na mifuko mizuri ya hewa. Na kila mara walikaa wakatazama hesabu zao wenyewe: wangapi walizaliwa, wangapi walihitaji pumzi, wangapi walikufa, na zoezi lililofuata likapangwa kwa ule upungufu ulioonekana.

Khabari zake zilichapishwa mwaka 2025. Vifo vya watoto katika siku yao ya kwanza vilipungua kwa kiasi cha 40 katika 100. Vifo vya mama wazazi vilivyokuwa kiasi cha 240 katika kila wazazi 100,000 vilishuka vikawa kiasi cha 60. Waliozaliwa wafu hawakupungua kwa kadiri hiyo, na mikoa haikufanana yote. Twayataja hayo kwa kuwa mwenye kuleta khabari njema akaficha upungufu wake hana tofauti na mkunga wa kalamu tuliyemtaja. Hata hivyo, nani katika sisi asiyeona uzito wa 240 na 60? Hao ni mama walioamka asubuhi wakanyonyesha.

Ukiuliza nini kilichogeuka, jawabu ni kuwa watu walikuwa wale wale, na mishahara ile ile. Hakika moja wanayoijua wakunga wote ni kuwa mtoto asiyepumua ana dakika moja tu, ile ya kwanza, ya kusaidiwa vizuri. Katika dakika hiyo mkono haungoji kufikiri, hufanya uliouzoea. Na mkono wa mkunga wa zahanati ndogo huenda ukakutana na mtoto wa namna hiyo mara chache mno katika mwaka. Ndiyo maana aliyefundishwa vizuri miaka kumi iliyopita asimama akitetemeka, si kwa ubaya wa moyo wala kwa uvivu, bali kwa kuwa mkono umesahau. Sisi tuliosoma chuoni twajua: aliyehifadhi juzuu kisha akaacha kuidurusu humtoka, na hakuna bakora wala zawadi itakayoirudisha siku ya kutahiniwa. Hurudishwa kwa kudurusu.

Na hili ndilo twaliona kuwa jawabu ya suala la mwisho la ndugu yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuambia ya kuwa kila mmoja wetu ni mchunga naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Watu hulisoma neno hili wakamwonyesha mkunga kidole. Lakini mkunga ni mchunga wa mama, na mganga mfawidhi ni mchunga wa mkunga, na wa wilaya ni mchunga wa mfawidhi. Mfuko wa hewa ukiwa umepasuka tangu mwezi uliopita, na mkunga aliandika, na wa juu yake akaiweka barua chini ya nyingine, mtoto yule ataulizwa nani? Sayyidna Umar aliogopa kuulizwa juu ya mnyama atakayejikwaa katika nchi ya Iraki kwa kuwa hakumtengenezea njia. Hakusema ataulizwa mnyama kwa nini hakutazama anapokanyaga. Mkubwa wa kazi ya afya ambaye hajawapa watu wake chombo, wala nafasi ya kudurusu, wala usalama wa kusema kweli juu ya kilichokosewa, hana haki bado ya kuwauliza juu ya bidii yao. Akiisha kuwapa hayo, na mtu akalala mama akilia mlangoni, hapo na aulizwe kwa ukali, nasi hatutamtetea.

Yatupasa pia tujiseme wenyewe. Watu wa pwani twapenda kujenga. Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali ikajengwa hospitali Dar es Salaam, nayo ndiyo asili ya Muhimbili ya leo, na jina lake halijasahauliwa. Lakini Sultani Qalawun alipoweka wakfu hospitali yake Misri mwaka 683 wa Hijra, yaani 1284, hakuandika kuta tu. Aliandika pia ujira wa matabibu na wa watumishi wenye kuwalaza na kuwalisha wagonjwa, kwani alijua nyumba haimtibu mtu. Leo kila zahanati ya Tanzania ina kamati yake yenye wanakijiji ndani yake, na tangu mwaka 2017 serikali yapeleka fedha moja kwa moja katika hesabu ya kituo chenyewe benki. Kamati hizo ndizo ziidhinishazo fedha ile. Waislamu waliohamia bara kwa biashara huziona kuwa ni mambo ya wenyeji, hawaendi. Kisha siku mke aumwapo hulaumu.

Basi, ndugu yetu wa Kahama, malipo uliyoyasikia yasikutie shaka; ni halali, na mkunga atakayempokea mkeo si mwuza amana kwa kuyapokea. Shaka yako ipeleke mahali pengine. Nenda zahanati wiki hii, kabla ya haja, kwa adabu na bila ya kelele, uwaulize wenyewe lini mara ya mwisho walifanya mazoezi ya mtoto asiyepumua, na mfuko wa hewa umewekwa karibu na kitanda au umefungiwa kabatini na ufunguo kwa mtu aliye likizo. Uulize pia gari la wagonjwa hulala wapi. Wakikuambia hulala mjini, mpeleke mkeo akakae mjini kwa jamaa kabla mwezi wa tisa haujaingia.